Jina Alilolitaja Mama

Juzi mke wa mjukuu wangu alijifungua, na maziwa yakachelewa kutoka. Nyumba nzima ikaingia shughuli. Mmoja akachemsha maji ya kumkanda, mwingine akakimbilia sokoni kutafuta karanga, na mama yake mzazi akabandika uji jikoni na kuanza kuponda pilipili manga. Mimi nilikuwa kibarazani nachambua mchicha. Harufu ile iliponifikia, mikono yangu ikasimama yenyewe. Mwanangu akaniuliza, "Mama, una nini?" Nikamjibu pilipili imenipalia. Akanitazama kwa mashaka, maana pilipili yenyewe ilikuwa bado kinuni.

Wenzangu wa rika langu hawatashangaa. Tumezeeka, majina ya watu yanatutoka, lakini harufu zimekaa pale pale tulipoziacha.

Nilizaliwa mlimani, upande ule wa Uluguru unaotazama mji wa Morogoro, wakati nchi ikiwa mikononi mwa Wadachi. Asubuhi ukungu ulipoondoka, mtu aliyesimama mlangoni kwetu aliona mabati machache yakimetameta chini, na mbali zaidi, upande wa Ngerengere, mstari mwekundu wa udongo uliochimbuliwa. Ule mstari ulikuwa reli. Sisi watoto tuliutazama ukirefuka tukaona ni jambo la kupendeza. Wakubwa hawakuupenda, kwa sababu ulikuwa unakula watu.

Ulimla baba kwanza. Baba yangu, Kibwana, alikuja kuishi kwetu kama desturi ya Waluguru ilivyokuwa, mwanamume kumfuata mke kwenye ardhi ya ukoo wa mke. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mizuri. Siku hiyo alikuwa juu ya paa anaezeka, kwa sababu mama alikuwa na mimba kubwa na baba hakutaka mtoto azaliwe chini ya nyumba inayovuja. Askari wa akida wakafika na jumbe wetu mbele yao. Walitaka wapagazi wa kubeba mizigo ya Wazungu waliotangulia kupima njia ya reli kuelekea bara. Wakamwambia ashuke. Akashuka na ukambaa wa mgomba bado ameuma mdomoni. Mama akamletea shuka. Hawakuagana kwa maneno, maana askari walikuwa wanasukuma. Walipopita waliingia pia kwenye kihenge chetu wakachota mahindi ya kuwalisha hao hao waliowachukua.

Mdogo wangu akazaliwa paa likiwa limeezekwa upande mmoja. Alikuwa mnene, ana sauti ya kuamsha kijiji. Mama alikuwa na maziwa tele siku zile za mwanzo. Nakumbuka jicho langu lilivimba, mama akaniita, akanilaza mapajani na kunikamulia maziwa ndani ya jicho. Yalikuwa na joto. Nikauliza, "Hayatakwisha?" Akacheka. "Maziwa ya mama hayaishi. Mtoto akinyonya ndiyo yanakuja." Hilo nalo nililiweka moyoni.

Kabla arobaini yake haijatimia, jumbe alirudi. Safari hii kila nyumba ilitakiwa kutoa mtu wa kutwanga mahindi ya vibarua wa reli, kwenye kambi iliyokuwa chini ya mlima. Bibi yangu, mama yake mama, akasema, "Nitakwenda mimi. Mwanangu bado yuko ndani." Akaenda. Jioni akarudishwa na ujumbe kwamba serikali haihitaji vikongwe, na kwamba asubuhi asipokuja mwenye nyumba, askari watamfuata. Mjomba Mkude, kaka yake mama, ambaye kwa mila yetu ndiye aliyekuwa na sauti juu yetu, aliinama akachora chini kwa kijiti. Mkewe mwenyewe alikuwa ameshakwenda.

Mama akashuka na mtoto mgongoni. Kulikuwa na nyapara pale kambini, mtu mwenye kofia nyekundu. Mtoto alipolia mama aliweka mchi chini ili amnyonyeshe, na nyapara akampiga fimbo za miguu. "Hapa tunalisha vibarua," alimwambia, "hatulishi vichanga." Siku nyingine akamkataza kabisa kuja naye. Tangu hapo mdogo wangu akawa anabaki na Bibi, akipewa uji mwepesi kwa kijiko cha kifuu. Aliutema. Alilia mpaka ile sauti ya kuamsha kijiji ikawa kama ya paka aliyefungiwa.

Wanawake waliotwanga pamoja na mama walisimulia baadaye kwamba kila mtoto wa mtu yeyote alipolia pale kambini, maziwa yalimtoka mama yenyewe, yakalowesha nguo yake, yakadondoka kinuni na kuchanganyika na unga wa serikali. Alikuwa akizuia kwa kiwiko na huku anatwanga. Jioni aliporudi nguo ilikuwa imekauka na kukakamaa kifuani. Alikaa chini bila hata kuosha miguu, akampokea mtoto. Mtoto alivuta kwa pupa, na wakati ule maziwa yalikuwa bado yanakuja, ingawa machache.

Kisha yakawa machache zaidi. Kisha mtoto akivuta anaachia, analia, anavuta tena, anageuza uso kana kwamba ametukanwa. Mama alibadilisha ziwa la kulia, la kushoto, la kulia. Bibi alimkanda kwa maji ya moto. Alimpikia majani ya maboga. Karanga hatukuwa nazo tena. Alibeba kuku wetu wa mwisho akaenda naye mjini, akarudi na pilipili manga iliyofungwa kwenye jani, akaipika ndani ya uji na kumsimamia mama mpaka amalize bakuli. Harufu ilijaa nyumba nzima. Mama alikunywa huku jasho linamtoka, kisha akaweka mtoto kifuani, na sisi sote tukatazama koo la mtoto kuona kama linameza.

Halikumeza.

Bibi alitoka nje akapiga mikono yake mapajani. "Wamemkamua mwanangu," alisema. "Wadachi wamemkamua mpaka hakuna kitu."

Nilikuwa mtoto wa kung'oka meno ya mbele. Neno kukamua nililijua vizuri, tena kwa jicho langu mwenyewe. Nikaelewa kama mtoto anavyoelewa: kule kambini kuna mtu anayewakamua wanawake, kama yalivyochukuliwa mahindi yetu, na maziwa ya mdogo wangu yamewekwa mahali. Sikumwuliza mtu. Kesho yake nikamwambia mama nataka kwenda naye nikamsaidie kupepeta. Alikuwa amechoka hata kukataa. Ndani ya nguo yangu nilificha kibuyu kidogo.

Kambi ilikuwa uwanja wa vumbi wenye vinu vingi kuliko nilivyowahi kuona mahali pamoja. Mchi ukipanda huku, mwingine unashuka kule, na hakuna aliyeimba. Pembeni, chini ya kibanda cha nyasi, alilala mpagazi mmoja Mnyamwezi aliyeitwa Kasinde. Walikuwa wamemleta kwa machela, anahara damu, hawezi hata kuinua shingo. Mama alipopata nafasi alimpelekea maji kwa kata, akamshikia kichwa anywe. Wanawake wengine nao walimpelekea. Baada ya siku chache alikufa, wakamzika pale pale. Mkumbuke mtu huyo.

Mimi nilikuwa natafuta maziwa. Nilizunguka nyuma ya maghala, nikachungulia kwenye mitungi, nikakuta maji. Mwishowe nikafika kwenye hema la Mzungu. Alikuwa amekaa mezani, na mpishi wake, mtu wa pwani aliyeitwa Feruzi, alikuwa anatoboa kopo kwa ncha ya kisu. Akaliinamisha. Yakatoka maziwa.

Nilikuwa nimeona maziwa ya mbuzi. Hayakuwa mazito hivyo, wala hayakushuka polepole hivyo. Nikasema moyoni, haya ni ya mtu aliyekamuliwa siku nyingi. Nikatoka mbio na kibuyu changu mkononi nikapiga kelele, "Hayo ya mama yangu! Ya mdogo wangu! Nirudishieni!"

Feruzi alinidaka mkono. Akaniuliza nasema nini, nikarudia, nikamwonyesha mama kule vinuni. Akacheka kwanza yeye, kisha akamweleza bwana wake, na Mzungu akacheka mpaka akatoa kitambaa akajifuta macho. Alisema kitu kwa lugha yake. Feruzi akaniwekea lile kopo mkononi, likiwa na maziwa karibu nusu. "Chukua," akaniambia. "Bwana anasema umshukuru mama yako, kahawa imekuwa tamu."

Mama alikuwa ameshafika, mchi bado uko mkononi. Alisikia. Nilijikunja nikingojea kofi, maana nilikuwa nimeacha kazi na kumfokea Mzungu. Hakunipiga. Alilitazama kopo, akanitazama mimi, akatazama chini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lishike vizuri. Lisimwagike."

Jioni ile aliyachanganya na maji ya moto, akachovya kitambaa, mtoto akanyonya kitambaa. Akalala. Mama aliketi akimsikiliza anavyopumua, na mimi nilijiona nimeshinda vita.

Asubuhi yake akaja Shangazi Fatu.

Msinielewe vibaya kuhusu shangazi yangu. Alikuwa dada yake baba, mjane, anaishi bondeni, na alikuwa amesikia kwamba mtoto wa kaka yake hana hali. Alipanda mlima tangu alfajiri na kikapu cha karanga kichwani, karanga alizokuwa ameziweka kwa mbegu. Nilimwamkia, "Shikamoo, shangazi," akaitika, akaingia ndani na kumchukua mtoto kutoka kwa Bibi. Alimfunua. Ngozi ya mapaja ilikuwa inaning'inia kama shati la kuazima, na uso ulikuwa wa mzee. Machozi yalimtoka hapo hapo. Yalikuwa machozi ya kweli.

Kisha akaliona kopo.

"Hiki nini?"

"Maziwa ya Kizungu," Bibi akasema. "Yamemsaidia jana."

"Yametoka wapi?"

"Kambini."

Shangazi alilinyanyua akalinusa. Mama alikuwa kizingitini, anafunga nguo yake tayari kushuka kazini. "Wifi," Shangazi akamwambia, "wanawake wangapi wanatwanga kule?"

"Wengi."

"Na wote wanapewa makopo ya Mzungu, au unapewa wewe?"

Nikasema, "Nimepewa mimi! Mimi ndiye niliyekwenda kuomba!" Nikaeleza yote, Feruzi, kisu, kahawa. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika kidevu kwa upole. "Mtoto hufundishwa maneno," akasema. "Si kosa lako." Kisha akamgeukia mama. "Kaka yangu yuko njiani amebeba mzigo wa watu. Wewe maziwa yamekukauka na mtoto anasinyaa. Vitu hivyo viwili mimi navijua vinakutana wapi. Umembemenda mtoto."

Wa rika langu mnalijua neno hilo, na mnajua uzito wake. Mama anayenyonyesha akitoka nje ya ndoa, mtoto hudhoofika. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa, na hivyo ndivyo walivyoamini watu wema na wabaya. Hakuna aliyeuliza kuhusu fimbo za miguu, au kihenge kitupu, au mtoto anayekaa kutwa nzima mbali na ziwa. Hayo yalikuwa ya kila nyumba. Kwa mtoto anayekufa watu walitaka sababu iliyo ya nyumba moja.

Mama alisema, "Wallahi sikufanya." Alisema mara moja tu, kisha akashuka kambini, kwa sababu nyapara alikuwa akingoja.

Sasa, jirani yetu wa mbele aliitwa Mama Sada. Mumewe alikuwa fundi wa jumbe, kwa hiyo nyumba yake haikuguswa, na alikuwa na binti mchanga na maziwa mpaka yanamwagika. Siku hiyo hiyo Bibi alikuwa amekusudia kumwomba amnyonyeshe mdogo wangu pamoja na wake. Alikwenda. Nilikwenda naye. Lakini neno la Shangazi lilikuwa limetangulia. Mama Sada alimkumbatia binti yake akarudi nyuma hatua moja.

"Mama, ningempa," alisema, naye analia. "Mungu anajua ningempa. Lakini mtoto aliyebemendwa nikimweka hapa, na wangu akaharibika, nitamwambia nini baba yake? Mtakasheni kwanza. Akishatakaswa mleteni hata leo."

Ndipo ukaitwa mkutano. Mganga alikuwa Mzee Lukwele, mtu mpole mwenye kikohozi. Alimtazama mtoto akasema dawa ipo, na ni nyepesi, mizizi na majani ya kumwogesha. Ila dawa hiyo haishiki mpaka mama aseme mbele ya ukoo wake na ukoo wa mumewe, na amtaje mwanamume. Bila jina, alisema, ni kuosha mawe.

Mjomba Mkude alimwuliza mama, "Dada, kuna jina?"

"Hakuna."

Wakangoja. Waliondoka, wakarudi kesho yake. Hakuna. Mtoto sasa alikuwa halii tena. Alikuwa anafungua mdomo na hakitoki kitu. Kutoka mlangoni kwetu tulimsikia binti wa Mama Sada akimeza na kupiga mdomo, karibu hivyo.

Adhuhuri ya siku ya tatu nilikuwa nyuma ya nyumba namenya muhogo, na mama na Bibi walikuwa ndani. Ukuta ulikuwa wa fito na udongo. Ulipitisha kila neno.

"Sema tu, mwanangu," Bibi alisema.

"Niseme nini, mama? Wewe unajua."

"Najua. Ndiyo maana nakuambia mimi, asije akakuambia mwingine. Jina la mtu ni upepo. Mtoto ni nyama. Chagua."

"Na Kibwana akirudi?"

"Kibwana akirudi amkute mtoto," Bibi akasema.

Alasiri wakakusanyika uwanjani. Shangazi Fatu alikuwepo na jamaa wawili wa upande wa baba, na Mjomba, na majirani, na baadhi ya wanawake waliotwanga na mama. Mama alitoka. Alikuwa amejifunga vizuri, kichwa amekifunika. Alisimama mbele ya mkeka ambao mtoto alikuwa amelazwa.

"Ni kweli," alisema. "Ni Kasinde. Yule Mnyamwezi aliyezikwa kambini."

Nilipaza sauti. "Uongo! Yule alikuwa mgonjwa! Hakuweza hata kuinuka!" Bibi alinivuta akaniziba mdomo kwa kiganja, akanikandamiza kifuani kwake kwa nguvu hata pumzi ikanikwama. Juu ya kiganja kile niliwaona wale wanawake wa vinuni. Walikuwa wamempelekea Kasinde maji kwa mikono yao wenyewe. Walimjua mgonjwa yule kama mama alivyomjua, na walijua kwamba maiti haigombi, haitozwi faini, haina mke wa kuja kudai heshima yake. Mmoja wao alifungua mdomo. Akamtazama mtoto mkekani, akaufunga. Wote wakainamisha vichwa.

Mama akasukutua maji na kuyatema. Mtoto akaogeshwa. Mzee Lukwele akampaka dawa utosini na tumboni, akasema imetosha. Mama Sada akaja akampokea, akakaa pale pale chini mbele ya watu wote, akamweka kwenye ziwa. Mwanzoni hakuwa na nguvu ya kuvuta. Mama Sada akamkamulia mdomoni, tone, tone lingine. Kisha koo likacheza. Kisha likacheza tena. Maziwa yakamtoka pembeni mwa mdomo, na watu wakapiga vigelegele.

Shangazi Fatu alipiga magoti akashukuru Mungu. Mama alikuwa amesimama pale pale. Hakuna aliyemgusa.

Tangu siku ile hakuitwa tena kambini. Wake wa vibarua walisema hawali unga uliotwangwa na mkono ule. Kwa hiyo mama akapata mapumziko aliyoyahitaji, akayapata yalipokuwa hayana kazi. Alikaa ndani. Bibi alipochukua mtoto asubuhi kumpeleka kwa Mama Sada, mama alifuata kwa macho mpaka mlango ule mwingine ufungwe. Siku moja alimweka kifuani kwake kujaribu. Mtoto alikuwa amenenepa, sauti yake imerudi. Alinusa, akageuza uso, akalilia kwa jirani.

Baba alirudi baada ya masika. Bega lake moja lilikuwa limeota gamba gumu la mizigo. Hakufika nyumbani bila kuambiwa. Alikutana na maneno njiani, bondeni, kwa dada yake. Mimi nilimkimbilia. Alinishika kichwa, lakini hakuinama. Alisimama nje, chini ya lile paa aliloliacha nusu, akamwita mama kwa jina. Mama akatoka.

"Ulisema?"

"Nilisema."

"Kwa kinywa chako?"

"Kwa kinywa changu."

Nilidhani sasa atamweleza. Nilitaka kusema mimi, na ulimi ukawa mzito, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kusema mara mbili na nimeona faida yake. Mama alimtazama tu. Mama Sada alikuwa amesimama mlangoni kwake na watoto wawili, mmoja kila upande, wote wanene. Baba aliomba aletewe mwanawe. Akampima kwa mikono, akamrudisha. Kisha akachukua panga lake na shoka, akaondoka.

Kwa mila yetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na hakuna mwanamume anayeweza kumbeba akaondoka naye. Lakini mdogo wangu alipoachishwa ziwa, Shangazi Fatu alikuja kumchukua, na Mjomba Mkude hakuwa na uso wa kukataa. Jina lake ni Saidi. Alilelewa bondeni, baadaye mjini Mwembesongo, na akalelewa vizuri. Alisomeshwa Kurani chuoni, akafundishwa ushonaji. Na alifundishwa pia namna alivyoponea tundu la sindano, mama yake alipotaka kumwua kwa uzinzi na shangazi yake akamwokoa. Shangazi alimwambia hivyo kwa mapenzi, kwa sababu ndivyo alivyoamini mpaka anakufa.

Alikuwa akipanda mlima siku za sikukuu. Alisema shikamoo akiwa nje, akaitikiwa. Mama aliweka mkeka, akaleta chakula. Saidi alisema ameshiba. Kila sikukuu alikuwa ameshiba.

Nilipokuwa nami ni mama wa watoto, nilimwuliza mama kwa nini hamwambii. Alikuwa anakoka moto. "Nimwambie nini? Niliuza jina nikanunua mtoto," alisema. "Anatembea, anashona, ana ndevu. Ukishapewa ulichonunua, huendi kudai ulichotoa." Akapuliza moto. Nilimwambia kwamba watu wa zamani wengi wamekufa, kwamba sasa hakuna wa kumhukumu. Alisema, "Basi na wewe nyamaza." Nikanyamaza kwa ajili yake, miaka yote aliyobaki nayo.

Alipokufa nilimtuma mtu kwa Saidi. Alikuja, amevaa kanzu safi, amenyooka. Ilipofika wakati wa kuingia kaburini kumpokea maiti, watu walimtazama yeye, mtoto wake wa kiume wa pekee. Hakusogea. Wakashuka watoto wa Mjomba.

Watu walipotawanyika nilimshika mkono nikamketisha kwenye jiwe nyuma ya nyumba. Nikamwambia yote. Nilianza na baba juu ya paa. Nikamwambia nyapara, na maziwa yaliyodondoka kinuni, na kopo, na Kasinde aliyekuwa hawezi kuinua shingo, na maneno ya Bibi nyuma ya ukuta. Nilimwambia kwamba hakuna mwanamume aliyewahi kuwepo, na kwamba mama alisema uongo ule ili Mama Sada akubali kumpa ziwa. Kilichomponya ni maziwa, nikamwambia, si majani. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo katika maisha yangu.

Saidi alinisikiliza bila kunikatiza. Ana macho ya mama. Nilipomaliza alikung'uta udongo kwenye pindo la kanzu yake, taratibu, kama mtu anayemhurumia mwenzake.

"Dada," alisema, "kama alisema uongo, dawa ilishikaje? Mimi si huyu hapa?"

Akainuka, akaniaga kwa adabu, akashuka mlima.